Apende, na Asife

Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi alituletea Rosa. Mwaka 1975, upande wa pili wa dunia, Judy Blume akaleta Katherine. Wasichana wawili wa shule, na kati yao miaka minne tu. Rosa, binti wa Zakaria kule Ukerewe, anaandikiwa barua na mvulana. Baba anaigundua, anampiga kama mtu anayeua nyoka, na kuanzia hapo maisha yake yanateremka hadi anapojitoa uhai. Katherine, wa New Jersey huko Marekani, anapendana na Michael, wanaahidiana milele, mwishowe wanaachana. Wanaumia, kila mmoja anaenda zake. Kitabu kimeisha.

Nimekaa na Rosa Mistika na Forever mezani kwa wiki tatu sasa. Kwa upande wa lugha hapana mashindano: Kezilahabi ni mshairi hata anapoeleza kisa kichungu, naye Blume anaandika kama msichana anayejaza shajara. Swali langu ni lingine. Mbona sisi, nusu karne na zaidi baadaye, bado tunamwandika Rosa peke yake? Na mbaya zaidi, mbona tunamwandika bila kusikia Kezilahabi alikuwa akisema nini?

Blume ameeleza mara nyingi jinsi kitabu chake kilivyozaliwa. Binti yake, Randy, alikuwa akisoma riwaya za vijana za wakati huo, na zote zilikuwa na mtindo mmoja: msichana akijihusisha na mvulana, lazima alipe. Apate mimba, afukuzwe, au mtu afe. Randy akamwomba mama yake hadithi ambamo vijana wawili wa kawaida wanapendana na hakuna anayekufa. Ombi lenyewe ni dogo, karibu la kuchekesha. Lakini hebu lichukue ombi hilo la Randy, ulishike kama taa, halafu upite nalo kwenye rafu ya vitabu tulivyosomeshwa shuleni Kenya.

Kwenye Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora yupo Lowela, msichana wa shule. Tunamjua kwa sababu moja: amezaa na Mtemi Nasaba Bora, mtu mzima mwenye mke na mamlaka, na mtoto akatupwa mlangoni pa Amani. Lowela ana kazi kwenye njama ya riwaya. Yeye ni ushahidi. Anathibitisha uovu wa Mtemi jinsi nguo yenye damu inavyothibitisha kesi. Alikuwa akiwaza nini? Alimpenda mtu yeyote wa rika lake? Alicheka na nani akitoka shule? Hatuambiwi.

Kwenye Chozi la Heri cha Assumpta Matei wapo wengi. Zohali anapata mimba akiwa kidato cha pili. Pete anakeketwa na kuozwa kwa mzee. Chandachema ni mtoto wa mwalimu aliyezaa na mwanafunzi wake. Matei anawahurumia wasichana hawa kwelikweli, na ile sehemu wanaposimuliana masaibu yao shuleni huwa inanishika koo. Lakini ukiwapanga mstari, utaona kwamba hakuna hata mmoja ambaye mapenzi yalimjia kama yanavyowajia wasichana wengi: kwa aibu, kwa kicheko, na mvulana ambaye sauti yake bado inakatikakatika.

Aliyekaribia zaidi ni Henry ole Kulet. Katika Blossoms of the Savannah, iliyotoka 2008, Taiyo anampenda Joseph Parmuat, yule kijana mwalimu aliyeletwa kuwafundisha yeye na dadake Resian mila za Nasila. Mapenzi yao yanakua taratibu, katikati ya nyimbo na ngoma, na msomaji anayaamini. Halafu yanagonga mwamba: wao ni wa ukoo mmoja, ni mwiko. Baadaye Taiyo anakeketwa kwa hila. Ole Kulet alikuwa na hoja nzito ya kutetea, na aliitetea vizuri. Wasichana wanafika Egerton. Ila angalia bei iliyolipwa. Elimu imeokolewa, mapenzi yameachwa njiani kama mzigo uliozidi kwenye matatu.

Sasa ingia darasani uone hadithi hizi zinavyosomwa. Swali la mtihani linauliza, thibitisha kwamba mwanamke amedhulumiwa, alama ishirini. Kwenye miongozo, mvulana anayemwandikia msichana barua na mzee anayemnunulia msichana chipsi ili ampeleke lojing'i wanaweza kuwekwa chini ya kichwa kimoja, "mapenzi na ndoa" au, mwongozo ukiwa mkali, "uasherati". Hapo ndipo ninapoanza kuogopa. Manake haya si mambo yanayofanana hata kidogo.

Hoja yangu ni hii. Msichana ambaye hajawahi kusoma mapenzi ya kawaida hana kipimo. Tumempa hadithi tele za mitego, lakini hatujawahi kumwonyesha ardhi isiyo na mtego inakaaje. Atajuaje kwamba sponsa anayempigia simu saa nne usiku ni hatari, iwapo kila aina ya kupendwa aliyoisoma imechorwa kwa rangi ileile moja? Mtu anatambua noti bandia kwa sababu amezoea kushika noti halali. Sisi tumemfundisha binti kwamba noti zote ni bandia. Basi siku moyo wake ukidunda, na utadunda tu, hana cha kulinganisha nacho.

Na hili Kezilahabi alilijua 1971. Ndiyo maana nasema hatukumsikia. Wengi wetu tulifundishwa Rosa Mistika kama onyo: msichana akianza na barua, huishia kaburini. Lakini kisome tena bila mwongozo. Kitu kinachomharibu Rosa si barua. Barua ni karatasi tu, mvulana amemwandikia msichana anayempenda. Kinachomharibu ni kipigo. Zakaria, baba mlevi asiyeweza hata kuitunza familia, anamlinda binti yake kwa fimbo, na fimbo inafanya kazi yake: Rosa anafika shule ya sekondari akiwaogopa wavulana, hawezi kuongea nao, hana mazoezi yoyote ya kusema ndiyo au hapana. Uoga ule ukija kupasuka, unapasukia mikononi mwa wanaume wakubwa, wenye vyeo, wanaojua wanachotaka. Laiti Rosa angeachwa aijibu ile barua, aone mvulana mwenyewe ni mtu wa aina gani, achoke naye baada ya muhula mmoja, angejua mambo fulani kabla hajakutana na hao wengine.

Said Ahmed Mohamed alisema jambo la karibu na hilo katika Utengano, mwaka 1980. Maimuna anafungiwa ndani na baba yake, Bwana Maksuudi, mtu anayeheshimiwa nje na kuogopwa nyumbani. Anapotoroka, dunia inamla, kwa kuwa hajawahi kuionja hata kwa kijiko. Waandishi hawa wawili walikuwa wakiwashtaki akina baba. Sisi, walimu na wazazi na wachapishaji, tukaigeuza hati ya mashtaka, tukawasomea mabinti kama hukumu yao.

Najua nitaambiwa nini. Nitaambiwa, wewe unaishi wapi? Hukuona 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, jinsi mimba za wasichana zilivyokuwa habari za kila jioni? Niliona. Nitakumbushwa kwamba Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haihesabu ridhaa ya mtoto wa chini ya miaka 18, na kwamba mwandishi anayeandika vijana wanapendana anacheza na moto. Hoja hizi ni za kweli na sizidharau. Mwalimu ambaye ameshuhudia wasichana watatu wakitoka darasani kwake muhula mmoja wakiwa na mimba ana haki ya kukiangalia kitabu cha mapenzi kwa jicho la shaka.

Lakini tuelewane: kupenda si lazima kuwe kulala pamoja. Mapenzi ninayoyataka kwenye riwaya yanaweza kuanzia kwenye tamasha za muziki na kuishia stendi ya matatu, mikono imeshikana kwa dakika mbili. Ninachodai ni nafasi ya msichana kutaka, kusita, kukataa, kubadili nia, na kesho yake kurudi darasani kufanya hesabu. Kwa hili hatuhitaji sheria mpya. Tunahitaji mwandishi mwenye subira.

Tena hofu ya marufuku isitumiwe kama kisingizio. Rosa Mistika, kitabu ambamo msichana anaadhibiwa hadi kifo, kilipigwa marufuku shuleni Tanzania. Forever, kitabu ambamo haadhibiwi, kimefukuzwa maktaba baada ya maktaba Marekani, na Agosti 2024 jimbo la Utah likakitia kwenye orodha yake ya kwanza ya vitabu 13 vya kuondolewa katika shule zote za umma za jimbo. Kumuua Rosa hakukumwokoa Kezilahabi. Anayefikiri kwamba akimwaga machozi ya kutosha mwishoni wakaguzi watampitisha, ahesabu tena.

Forever yenyewe si kitabu kitakatifu. Kuna kurasa zinazosomeka kama kijitabu cha kliniki. Maisha ya Katherine ni ya starehe, wazazi wake wanaelewa mambo, nyanya yake anamtumia maandishi ya kumwelimisha kabla hata hajauliza. Msichana wa Kawangware akimsoma atasema, huyu ana shida gani? Lakini watu wanaokishutumu ati kinapamba mapenzi hawajakimaliza. Kando ya Katherine yupo Sybil, anayezaa na kumtoa mtoto alelewe na wengine. Yupo Artie, mvulana mchangamfu anayejaribu kujiua. Hatari zote zimo. Blume hakuzificha, alikataa tu kumtwika zote mhusika mmoja kama adhabu ya kuwa na moyo.

Na mwisho wake ndio ninaouona wa kijasiri zaidi, kuliko sehemu zile zinazokera wazazi. Wazazi wanampeleka Katherine kambini kufanya kazi wakati wa likizo, mbali na Michael. Huko anaanza kumpenda mwingine, Theo. Hakuna aliyemkosea. Michael si mbaya, hakumpiga, hakumdanganya. Mapenzi yamepungua tu, kama maji kwenye mtungi. Katherine inambidi amwambie Michael ana kwa ana, na hajui aseme vipi. Je, umewahi kusoma hili katika riwaya yetu ya vijana: msichana ndiye anayemwacha mvulana kwenye mataa, kwa heshima, kwa sababu tu moyo wake umehama, na mwandishi hamwiti malaya? Mimi nimetafuta. Kwenye vitabu nilivyosomeshwa sikumpata.

Nilimpata jirani, Uganda, na kwa Kiingereza. The First Woman cha Jennifer Nansubuga Makumbi, cha mwaka 2020, ni riwaya ya Kirabo, msichana wa Nattetta anayekua miaka ya utawala wa Idi Amin. Si riwaya iliyoandikiwa vijana pekee, ni nene na ina historia nyingi, lakini kwangu inamchora msichana anayependa kuliko nyingi zilizoandikwa kwa ajili yao. Kirabo anamtafuta mama aliyemwacha. Ana hasira, ana maswali, ana bibi jirani kipofu, Nsuuta, wanayemwita mchawi, anayemfundisha kwamba ukali ule ulio ndani yake ni wa asili ya wanawake. Halafu yupo Sio, mvulana. Kirabo anampenda, anamringia, anamkasirikia. Na Sio anakuja kumpa mimba Giibwa, rafiki yake Kirabo wa utotoni.

Tazama Makumbi anavyolitendea hilo pigo. Lingeweza kuwa mwisho wa Kirabo. Kwenye kalamu nyingine angekunywa sumu, au angeacha shule, au angegeuka mfano wa methali. Badala yake linakuwa swali gumu ambalo Kirabo analazimika kuishi nalo: kwa nini hasira zangu zinamwendea Giibwa haraka hivi, na Sio je? Giibwa ni mtoto wa maskini, Kirabo ni wa nyumba yenye uwezo, na mimba ile inafichua mambo kuhusu urafiki wao ambayo hawakuwahi kuyasema. Yaani mapenzi ya ujana yamekuwa njia ya kuielewa dunia: ukoo, pesa, wanaume, wanawake wenzake. Kirabo ameumizwa, amekosea, na bado yumo katikati ya maisha yake mwenyewe.

Ndicho ninachokiita uhalisia. Huku kwetu neno hili tumelipunguza likawa na maana ya mabaya. Mwandishi akituletea ubakaji, ukeketaji na mimba tunasema ameakisi jamii. Akituletea msichana anayebadilisha njia ya kwenda kisimani ili apite karibu na duka ambako mvulana fulani huuza, tunasema anaandika upuuzi wa Sweet Valley High. Kwani yule wa kisimani si jamii? Kwani hayuko? Zile Sweet Valley High tulizisoma bwenini kwa tochi, zimechakaa, jalada limetoka, na tulizipenda licha ya kwamba wale mapacha wa California hawakufanana nasi hata kwa unywele mmoja. Tulizisoma kwa njaa. Hakuna aliyetupikia chakula cha nyumbani, basi tukala cha kopo. Leo wadogo zetu wanasoma hadithi za simu, za mabilionea wakatili wanaowafungia wasichana majumbani na kuitwa wapenzi. Tukilalamika kuhusu hizo, tujiulize kwanza sisi tumeweka nini mezani.

Nina sababu yangu ya kulishikilia jambo hili. Nikiwa kidato cha pili mwenzetu mmoja alinaswa na barua aliyokuwa amemwandikia mvulana wa shule jirani. Jumatatu asubuhi, paredi, shule nzima imesimama kwenye baridi, mwalimu akaisoma kwa sauti, akiibana pua ili aige sauti ya msichana. Tulicheka. Mimi pia nilicheka, tena sana, kwa kuwa nilikuwa na barua yangu chini ya godoro na niliogopa kutocheka. Yeye alipewa wiki mbili nyumbani. Aliporudi hakuwa anaongea sana. Mwaka uliofuata alikuwa na rafiki mtu mzima, mwenye gari, aliyemsubiri nje ya geti siku ya kufunga shule. Huyo hakuandika barua, kwa hiyo hakuna aliyemsoma paredi.

Sitasema kwamba jambo moja lilizaa lingine. Sijui, na si haki yangu kumfanya naye ushahidi kama Lowela. Nasema tu kwamba nikifika pale Zakaria anapomtandika Rosa kwa sababu ya barua, huwa nakifunga kitabu kwanza, natoka nje.

Nayakumbuka maneno ya ile barua vizuri kuliko mashairi niliyokariri mwaka ule. Ilikuwa na habari za maharagwe yenye wadudu. Alimweleza mvulana kwamba alipata alama kumi na saba kwenye hesabu, akamwomba asimcheke. Alimuuliza kama amemaliza kile kitabu alichomwazima. Na mwishoni, pale ambapo mwalimu aliibana pua zaidi, aliandika kwamba ameyasikia yale mvulana aliyomwambia siku ya tamasha, na kwamba yeye bado hajui. Anafikiria. Atamwambia.

Msichana wa miaka kumi na mitano, ameulizwa swali kubwa, na amejibu kwamba bado anafikiria. Ni jibu la busara kuliko mengi niliyoyatoa mimi baadaye nikiwa mtu mzima. Naomba mwandishi mmoja wa Kiswahili, mmoja tu kwa kuanzia, amchukue msichana huyo na kumpa kurasa mia mbili za kufikiria, bila ya mtu kumnyang'anya barua. Mwishoni amkubali yule mvulana au amkatae, yote sawa. Ila ukurasa wa mwisho ukifika, awe hai.